Kanda za Shemeji Zatafuta Nyumba Nakuru

Nilipopanda Nakuru kumjulia hali dada yangu pale Bondeni, nilimkuta mpwa wangu amechutama mbele ya sanduku la chuma, zito kama gunia la mbata, likivuma hata hatusikilizani.

"Mjomba, hii ndiyo seva itakayozibeba kanda za baba. Nimepewa niijaribu."

Marehemu shemeji yangu, aliyetoka Mombasa kuja kufanya kazi ya reli, aliacha kanda mia tatu: maulidi, taarab, na sauti yake mwenyewe akisomesha watoto. Kijana ataka kuzitia katika kompyuta kwa Jellyfin, programu ya bure iliyoanza 2018, ili jamaa wa Mombasa na Maskati wazisikilize kwa simu zao.

Mimi ni mtu wa vina, si fundi. Walakini mizani hunifunza kuhesabu. Kanda ya saa moja, ikinakiliwa kwa ubora wa CD, haifiki megabaiti 650. Zote mia tatu hazifiki gigabaiti 200; diski ya terabaiti moja yazimeza na nafasi ikabaki. Na lile sanduku, kwa mita ya kijana mwenyewe, lala wati 150 usiku na mchana. Kwa mwezi ni uniti 108 za umeme! Kompyuta ndogo ya ofisini, mtumba, ya wati 15, haifiki uniti 11.

"Na video za harusi je, mjomba?"

Hapo ana haki. Sauti hupelekwa kama ilivyo, haichoshi mashine. Picha ambayo simu haiwezi kuisoma yapasa igeuzwe papo hapo, na prosesa dhaifu hutweta. Ndiyo sababu watu hutafuta Intel yenye Quick Sync, sehemu maalumu ya kazi hiyo, iliyotokea 2011. Raspberry Pi 5 ya 2023 haili umeme mwingi, ila haina sehemu hiyo. Kwa kanda tupu yatosha.

Lililonitia hofu ni jingine. Nami niliwahi kuweka mashairi ya miaka kumi katika diski moja, ikafa bila kuugua. Basi nikamsihi fedha za sanduku azinunulie diski mbili, ya pili ikakae Mombasa kwa dada yake, na betri ya kuiokoa mashine umeme ukatikapo.

Sanduku likarudi dukani. Jioni tukanakili kanda ya kwanza. Shemeji asomesha, akohoa, kisha auliza chai iko wapi.

"Yaja," dada yangu akaitika kutoka jikoni.