UZI: Bangi ya dawa ikihalalishwa, leseni atapewa nani?

Juzi stejini hapa Nyacheki ubishi ulikuwa moto. Mmoja anasema bangi ya dawa ikiruhusiwa, kila mwenye robo ekari ametajirika. Mwingine anasema vijana wataisha. Hakuna aliyetaja leseni, na mimi naona mambo yote yako hapo.

Niko na sababu yangu. Binamu yangu alifungwa kwa misokoto miwili. Alipotoka akarudi kuchuma chai ya watu. Siku hiyo stejini yeye ndiye alikuwa anashangilia kuliko wote.

Kwanza, tuko wapi kisheria? Sheria ya mihadarati ya 1994 inamwachia daktari, wa meno, wa mifugo na mfamasia aliyesajiliwa awe na dawa hizi kwa kazi ya matibabu. Mkulima hayumo. Kwa kupanda bangi, sheria hiyo iliweka faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya bei ya sokoni, ile iliyo kubwa, au jela hadi miaka 20, ama vyote viwili.

Sasa angalia majirani. Rwanda, baraza la mawaziri lilikubali 2020, kanuni zikatoka Juni 2021. Zao ni la kuuza nje kwa ajili ya dawa. Ukishikwa ukivuta, kesi iko palepale. Na shamba lenyewe linatakiwa liwe na ua maradufu, minara ya walinzi, taa na kamera. Wewe mwenye robo ekari piga hesabu ya ua peke yake, bado hujanunua mbegu.

Utasema sawa, sitakuwa na shamba, nitaajiriwa. Hapo ndipo wengi hawajui: mfanyakazi pia anaweza kudaiwa leseni. Kule Colorado, Marekani, si kampuni tu inayopewa kibali. Anayetunza mimea au kuuza dukani anaomba leseni yake mwenyewe serikalini. Lazima awe ametimiza miaka 21, na rekodi yake ya jinai inachunguzwa.

Tukiiga hiyo bila kufikiria, anayejua mmea huu kwa mikono yake ndiye atakayefungiwa nje, kwa sababu aliujua mapema. Ajira itaenda kwa ambaye hajawahi kuuona.

Si ati hakuna aliyeliwaza. 2018 mbunge mmoja alimwandikia Spika barua akitaka sheria ya bangi. Ndani yake aliomba leseni kwa wakulima, na pia waliofungwa wasamehewe na rekodi zao zifutwe. 2022 bangi ikarudi kama ahadi ya kampeni ya urais. Kwenye mikutano tulisikia sana habari ya pesa, ya rekodi mimi sikuisikia.

Sisi Gusii tunaijua hadithi hii, tumeisahau tu. Kahawa ilikuwa zao la walowezi. Miaka ya 1930 ndipo Kisii, Meru na Embu wakaruhusiwa kuipanda, kwa kibali, miti ikihesabiwa. Udongo ulikuwa ni uleule. Kilichokosekana ilikuwa karatasi.

Binamu ameshaniuliza kama rekodi yake itafutwa. Sina jibu la kumpa. Mheshimiwa yeyote atakayekuja hapa sokoni na ahadi ya bangi nitamuuliza hilo kwanza, bei ya kilo tutaongea baadaye.