Nyasi Bandia Uani: Tufikiri Kabla ya Kung'oa Ukoka

"Mjomba, ng'oa huo ukoka, nikuletee nyasi za plastiki kutoka Dar," mpwa wangu hunihimiza kila kiangazi. Namwelewa. Hapa kijijini Chidya mvua zikishakatika, ukoka hukauka, na maji ya ndoo ni ya kunywa na kupikia kwanza.

Nyasi bandia ni nyuzi za plastiki zilizoshonwa kwenye kitambaa kizito chenye vitobo vya kupitisha maji. Zilivuma mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani, baada ya nyasi za asili kufa chini ya paa kwa kukosa mwanga. Kwetu ziko kwenye viwanja vya Nyamagana, Mwanza, na Kaitaba, Bukoba. Hazikatwi, na wakati wa masika hakuna tope.

Lakini uani ndipo watoto wetu wanapocheza pekupeku. Kwenye jua kali plastiki hiyo huweza kupita nyuzijoto 60, na kuipoza kunataka maji yaleyale tuliyokusudia kuokoa. Ikichakaa, baada ya miaka 10 au 15, huwa takataka isiyooza. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kupiga marufuku, kwa awamu, chembe za plastiki zinazomwagwa kwenye viwanja vya nyasi bandia.

Nilimjibu hivi: penye kivuli, kwenye kibaraza kidogo, tandika. Penye jua, uache ukoka ukauke. Mizizi yake ni hai, na mvua zikirudi utachipua. Pesa iliyobaki inunue simtanki la kuvunia maji ya bati.