Mgongo Baada ya Kupasuliwa: Tiba Ipi Ifuate?

Niliporudi nyumbani Mpunguzi kwa likizo ya Desemba 2024, nilikuta baraza limekaa chini ya mwarobaini wetu. Baba mdogo alitaka ekari moja ya zabibu iuzwe ili baba apelekwe India kupasuliwa mgongo mara ya pili. Bibi alikataa katakata. Yeye alitaka aitwe mzee wa kuumika kwa pembe. Mama hakusema neno. Baba mwenyewe alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, maana kukaa kitako zaidi ya robo saa hakuweza. Kwa kuwa mimi nasoma Biolojia, nikaulizwa, "Haya, msomi, huko shuleni Kikuyu mnafundishwaje?" Nami sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, kwa kuwauliza madaktari na mwalimu wetu, na kwa kusoma, nami naliandika hapa kwa sababu najua si kwetu tu penye mgonjwa wa namna hii.

Kwanza yafaa tujue alipasuliwa nini. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake mna diski, kitu mithili ya mto mdogo chenye ute mzito ndani. Diski ikichanika ukingoni, ute hutokeza na kuubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Marekani, Mixter na Barr, waliandika habari za ugonjwa huu, wakaonyesha kuwa kuondoa kipande kilichotokeza kwaweza kumponya mgonjwa. Baba, ambaye kwa miaka mingi amebeba mgongoni bomba la lita 16 la kupigia dawa mizabibu, alipasuliwa namna hiyo mwaka 2023 katika hospitali moja kubwa. Moto uliokuwa ukishuka toka tako hadi kidole gumba cha mguu ulizimika juma lile lile. Baada ya miezi minne maumivu yakarudi, lakini safari hii kiunoni penyewe.

Watu wakasema, "Walimkosea." Nami nilisema hivyo. Lakini madaktari wenyewe hukadiria kuwa katika watu 100 waliopasuliwa uti wa mgongo, kati ya 10 na 40 hubaki na maumivu ya kudumu au huyapata upya, na wengi wao hawakukosewa. Upasuaji ule hufungua mshipa uliobanwa. Haufanyi mgongo kuwa mpya. Ndiyo maana huponya mguu vizuri kuliko unavyoponya kiuno. Pengine diski ile ile hutokeza tena, au kovu huota kando ya mshipa, au pingili hulegea, au pingili za jirani huchoka. Tena kuna jambo lililonishangaza zaidi: mishipa ya fahamu iliyoumizwa muda mrefu yaweza kuendelea kupeleka habari za maumivu hata kidonda kikiwa kimepona, kama kengele ya bweni iliyokwama ikalia usiku kucha ilhali moto umekwisha zimwa. Maumivu hayo ni ya kweli, wala mgonjwa hajifanyi.

Basi swali la kwanza si "tiba ipi ina nguvu?" bali "je, kuna kitu cha kutengenezwa?" Januari tulimpeleka baba Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile iliyoanza kazi mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, akapigwa picha ya MRI, ambayo hutumia sumaku kubwa na kuonyesha diski na mishipa ambayo eksirei haionyeshi. Picha ilionyesha kovu dogo, hakuna diski mpya iliyotokeza, hakuna pingili iliyolegea. Daktari alimwambia, "Mzee, nikikupasua tena, sijui nitakuwa natafuta nini mle ndani."

Maneno hayo ndiyo yaliyoiokoa ekari yetu. Upasuaji wa pili hufaa pale picha inapoonyesha kasoro inayolingana na maumivu. Pasipo hivyo, nafasi ya kupona hupungua kila mtu anapopasuliwa tena, na kila kisu huacha kovu jingine. India kuna madaktari hodari, lakini hata hodari hawezi kuondoa kitu ambacho hakipo. Hata hivyo ziko dalili zisizongoja baraza: mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukigoma kutoka, akifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mguu ukizidi kulegea, au akipata homa pamoja na maumivu ya mgongo, apelekwe hospitali siku ile ile.

Kuhusu dawa, baba alikuwa akinunua diklofenaki dukani kila juma kama anunuavyo chumvi. Dawa hii na ibuprofeni hutuliza kweli, lakini zikinywewa miezi na miezi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Sasa anainywa kwa siku chache tu anapozidiwa, kwa amri ya daktari. Amitriptilini na gabapentini ni za maumivu ya mshipa, yale yachomayo mguuni, nayo hayakuwa tena shida ya baba. Tramadoli na mofini mwili huzizoea, mtu akataka nyingi zaidi kwa nafuu ile ile. Sindano ya steroidi karibu na mishipa huweza kutuliza mguu kwa majuma au miezi michache, kisha nguvu yake huisha. Kiko pia chombo cha umeme kinachotiwa mwilini, waya zake zikiwekwa karibu na ugwe wa mgongo, ambacho daktari Norman Shealy wa Marekani alikitumia kwanza mwaka 1967. Sifa yake ni kwamba hujaribiwa siku kadhaa kabla ya kutiwa moja kwa moja, na chaweza kuondolewa. Lakini ni ghali mno.

Kilichobaki ni mazoezi, nami nakiri nilivunjika moyo niliposikia, kwa kuwa nilitazamia jambo kubwa zaidi. Mtaalamu wa viungo alimfundisha baba kukaza misuli ya tumbo na ya mgongo, na kutembea kila siku kwa saa, si kwa maumivu: alianza dakika 10, akaongeza kidogo kila juma, hata siku ambazo kiuno kilimkataza. Mdogo wangu wa darasa la sita aliandika yote katika daftari. Februari maumivu yalikuwa 7 katika 10; nilipokwenda likizo ya Juni yalikuwa 5. Baba mdogo alicheka, "Miezi minne, Kaka, umepata mbili tu?" Lakini daftari lile lilionyesha pia kuwa baba sasa hutembea dakika 45, hukaa ibada nzima, na hulala usiku bila kumwamsha mama.

Bibi naye alipewa sehemu yake. Pembe na chale juu ya kovu tulizikataa, lakini humkanda baba kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto kila jioni, na baba husema hapo ndipo hupata nafuu kuliko wakati mwingine wowote.

Mizabibu anaipogoa akiwa juu ya kigoda, mstari mmoja kwa siku. Bomba limehamia mgongoni mwa kaka yangu, nasi tumekubaliana lisijazwe zaidi ya nusu.