Ada ya Setilaiti na Mwanagenzi wa Ngomeni

Nimeletewa barua na kijana mmoja wa Kilifi, mwanafunzi wa takwimu aliye katika mwaka wake wa tatu, ambaye baada ya salamu ndefu za adabu ameniuliza swali fupi: je, mtu asiyejua kukaza hata parafujo moja, ambaye ilimu yake yote ni ya tarakimu na programu za kompyuta, anaweza kupokewa akafanya uanagenzi katika kazi ya kuendesha vyombo vya angani, ama mlango ule umefunguliwa wahandisi peke yao? Ningeweza kumjibu kwa neno moja, ndiyo, kisha nikarudi kwenye chai yangu. Illa swali lake limenikuta ndiyo kwanza nimerejea kutoka Ngomeni, na atokaye Ngomeni hawezi kulijibu jambo la angani kwa neno moja.

Setilaiti ni nini, na inapaaje, sitaeleza. Hayo yamo katika vitabu vya shule, nayo yananichosha. Yapasayo kukumbukwa ni machache. Majukwaa yale ya chuma, San Marco na Santa Rita, yaliyosimama katika maji ya Ghuba ya Ungwana, kama kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, yaliletwa na Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio, na mnamo tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikapaa kutoka hapo. Kisha tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ikapaa setilaiti ya Wamarekani ambayo kwa taadhima ya siku hiyo ilipewa jina la Uhuru, nayo ndiyo ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuzichungua nyota zitoazo eksirei, ikatuachia orodha ya vyanzo 339. Roketi ya mwisho ya kupeleka setilaiti iliondoka Machi 1988, na wengi wetu tulidhani kwamba shughuli imekwisha siku ile. Haikwisha. Antena za nchi kavu, pale Ngomeni, zilibaki, na zimezipokea habari za setilaiti ya Swift tangu 2004, za AGILE ya Waitalia tangu 2007 hadi ilipokoma 2024, za NuSTAR tangu 2012, na za IXPE tangu Desemba 2021, wote hao wakiwa wawindaji wa miale mikali, wajukuu wa Uhuru.

IXPE ndiyo inihusuyo leo. Huzunguka takriban kilomita 600 juu ya ikweta, na kwa kuwa Malindi iko kusini kidogo tu ya mstari huo, hakuna mzunguko unaotukwepa: huibuka magharibi na kuzama mashariki kiasi cha mara 14 kwa siku, na kila pito halifiki robo saa. Habari zipokewazo Ngomeni hupelekwa Boulder, katika jimbo la Colorado, kwenye maabara ya chuo kikuu iitwayo LASP, na hapo, katika chumba cha zamu, miongoni mwa waketio mbele ya vioo vya kompyuta kuilinda setilaiti hiyo mmo wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwani maabara ile imewazoeza wanafunzi kazi hii tangu setilaiti ya SME iliporushwa mwaka 1981. Almuradi, sauti ya IXPE husikika kwanza Kilifi, kisha huenda kusikilizwa na mwanagenzi wa ng'ambo. Sina kinyongo naye. Nataka tu kijana wa barua yangu aketi karibu na mdomo wa msemaji.

Sasa nifike panaponinogea. Setilaiti haileti habari za nyota tu. Huleta pia habari za mwili wake, maelfu kwa maelfu ya tarakimu: joto la betri, nguvu ya umeme, kasi ya magurudumu yanayoielekeza. Kwa miaka mingi kila tarakimu iliwekewa mipaka miwili, wa juu na wa chini, na kengele ilipigwa pale tu mpaka uliporukwa. Lakini chombo kinachoizunguka dunia kwa dakika kama 96, na katika hizo kikakaa gizani dakika kama 35, kina kupwa na kujaa kwake. Hupata joto na kupoa, hushiba umeme na kuona njaa, zamu kwa zamu.

Chukua kigingi kilichopigwa ufuoni Ngomeni, kikatiwa alama mbili, ya juu na ya chini, na mgeni wa bara akawekwa akilinde, akiambiwa apige mbiu maji yakiipita hii au yakishuka chini ya ile. Mgeni huyo ni mwaminifu, na kando yake ameketi mzee mvuvi ambaye hakuambiwa alama yoyote. Inafika saa nne ya asubuhi, maji yako nusu ya kigingi, katikati kabisa ya alama zote mbili, na mgeni anapiga miayo kwa amani. Mzee yule anainuka kwa wahaka, kwa sababu mwezi ni mpevu, leo ni bamvua, na saa hii maji yalipaswa kuwa yamekupwa hata mashua zimelala ubavu. Nusu ile ile ya kigingi, siku ya maji mafu, isingemtoa kwenye mkeka wake. Mzee hapimi maji. Anapima tafauti baina ya maji aliyoyatarajia na maji anayoyaona. Wala haondoki kwa kila wimbi linalokiramba kigingi, kwani wimbi si maji kujaa. Hungoja aone kama la pili na la tatu yanafuata njia ile ile. Na zaidi ya hayo, msimu wa kusi bahari inapochafuka huwa mwingi wa subira, akasamehe tafauti ambayo siku ya shwari ya kaskazi ingemwamsha usingizini.

Hivyo ndivyo hasa zifanyavyo programu za leo zizilindazo tarakimu za setilaiti, na kila nizifikiripo hucheka peke yangu kwa furaha. Mwaka 2018 wataalamu wa maabara ya JPL huko California walichapisha njia ambayo mtandao wa akili unde wenye kumbukumbu husomeshwa mwenendo uliopita wa tarakimu, ukatabiri ijayo. Kisha utabiri hulinganishwa na kilichofika, makosa hulainishwa ili wimbi moja lisizue fitina, na kizingiti cha kengele hakiwekwi na mtu mara moja na milele, bali hutokana na makosa ya karibuni yenyewe, kusi kwa kizingiti cha kusi na shwari kwa cha shwari. Waliijaribu kwa habari za SMAP, setilaiti ipimayo unyevu wa ardhi, na za Curiosity, gari litambaalo Mirihi.

Hapa lugha imenikwamisha. Hicho kilichomwinua mzee tukiiteje? Wenzangu husema hitilafu, na asili ya neno hilo kwa Kiarabu ni kutafautiana tu; lakini leo ukisema hitilafu ya umeme kila mtu anajua kuna kitu kimeharibika, ilhali maji ya saa nne hayajaharibika, yamekwenda kinyume cha ada. Kioja kina mzaha ndani yake. Nimelala nalo siku tatu, nikamkumbuka kivunjajungu, mdudu yule tuliyekatazwa utotoni kumgusa, nami napendekeza kivunjaada, vivunjaada. Ndugu zetu wa Tanzania, ambao kwao ada ni karo, wasidhani nimevumbua kitu cha kuvunja karo za shule, ijapokuwa hicho nacho ningekipokea kwa mikono miwili. Ama akili unde sina ugomvi nayo: kuunda ni neno la mafundi wa majahazi, na unde kwa unda ni kama kiumbe kwa umba.

Ni kweli kwamba programu hizi hupiga mbiu za uongo, na zinahitaji mtu wa kuamua, lakini tuendelee.

Kijana, jibu lako lilikwisha kutolewa mwaka 2016, pale Shirika la Anga la Ulaya lilipotoa hadharani habari za miaka mitatu ya Mirihi za chombo cha Mars Express, likamwomba kila atakaye atabiri umeme utakaoliwa na vipasha joto vyake katika mwaka wa nne: walioshinda ni watu wa data kutoka Slovenia. Nafasi za uanagenzi za shirika hilo huko Darmstadt ni kwa kawaida za raia wa nchi wanachama, basi tuziache. Kwetu kuna Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoasisiwa 2017. Kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani tarehe 11 Mei 2018. Setilaiti ya Taifa-1 nayo ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Na kuna mkataba wa Kenya na Italia wa 2016 juu ya kituo cha Ngomeni, ambao elimu na mafunzo vimetajwa ndani yake.

Basi, mwanangu, usipeleke maombi matupu. Piga kigingi chako katika maji ya Kilifi, andika kina cha maji kila saa, usiku na mchana, kwa mwezi mwandamo mzima. Isomeshe programu yako mwezi huo, itabiri wa pili, kisha uambatanishe utabiri na makosa yake katika barua yako. Barua iende Nairobi, na nakala uipeleke Ngomeni kwa mkono wako mwenyewe.