Mgeni wa Berlin: Likizo za mwanafunzi Du Bois

Dola 750 kwa mwaka, nusu zawadi, nusu deni. Kwa fedha hizo W.E.B. Du Bois aliondoka Marekani mwaka 1892 kwenda Ujerumani kusomea uchumi na historia katika Chuo Kikuu cha Berlin. Alikuwa na umri wa miaka 24, mzaliwa wa mji mdogo wa Great Barrington katika jimbo la Massachusetts, na alikwisha kupata shahada katika vyuo vikuu vya Fisk na Harvard.

Fedha hizo alizipigania. Zilitoka kwenye Mfuko wa Slater, ulioundwa mwaka 1882 kwa ajili ya elimu ya watu weusi waliotoka utumwani. Mwenyekiti wake, rais mstaafu Rutherford B. Hayes, alinukuliwa gazetini akisema mfuko uko tayari kumsomesha kijana mweusi Ulaya, ila hajapatikana anayefaa. Du Bois alimwandikia kudai nafasi hiyo. Alipokataliwa aliandika tena, kwa ukali zaidi, akaambatanisha barua za walimu wake. Hatimaye mlango ukafunguliwa.

Sisi Waafrika tunamfahamu zaidi Du Bois mzee: mwanzilishi mwenza wa chama cha NAACP, mwandishi wa The Souls of Black Folk, mwenyekiti wa heshima wa Kongamano la Umajumui wa Afrika la Manchester la mwaka 1945 alikohudhuria Jomo Kenyatta, na raia wa Ghana aliyefariki Accra mwaka 1963. Nataka leo tumtazame kijana aliyekuwa kabla ya hayo. Alikula nini na nani, alilala wapi, na chuo kilipofungwa alikwenda wapi? Ninauliza kwa sababu naamini mambo hayo ya kila siku ndiyo yaliyomjenga, kuliko hata mihadhara aliyoifuata.

Alishuka Rotterdam wakati wa kiangazi, akapanda meli ya abiria kuelekea Ujerumani kupitia mto Rhine. Ndani mlikuwa na mama mmoja wa Kiholanzi na binti zake. Du Bois alifanya kama alivyozoea kufanya kwao: alikwenda kukaa upande mwingine wa sitaha, mbali nao, ili asije akaonekana anajipendekeza kwa Wazungu. Lakini wale hawakumwacha. Binti mdogo alimsogelea, mazungumzo yakaanza, na ilipofika Cologne walikuwa wanakula pamoja, wanacheka na kuimbiana nyimbo za Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Katika kumbukumbu zake alizoandika uzeeni bado alilisimulia tukio hilo kwa furaha. Mtu aliyelelewa katika ubaguzi hujifunza kujitenga mwenyewe kabla hajatengwa, na safari ile ya mto ilianza kumwondolea tabia hiyo.

Masomo hayakuwa yameanza, kwa hiyo miezi ya kiangazi aliitumia katika mji wa Eisenach, akiishi nyumbani kwa mwalimu mkuu mmoja, Johannes Marbach, kwa ajili ya kunoa Kijerumani chake. Juu ya mji huo iko ngome ya Wartburg, ambamo Martin Luther alijificha na kutafsiri Agano Jipya. Bach alizaliwa mji huohuo. Du Bois alipanda milima, alikaa mezani na familia nzima wakizungumza kwa muda mrefu, alicheza dansi, aliimba. Alipendana na binti wa nyumba ile, Dora. Binti alikuwa tayari waoane mara moja. Du Bois ndiye aliyekataa. Alijua angerudi kwao, na majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria za kuharamisha ndoa ya mweusi na mweupe, sheria ambazo zilikuja kufutwa zote na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1967 tu. Inasikitisha kusoma kwamba aliyeleta wasiwasi ndani ya nyumba ile alikuwa Mmarekani mwenzake, mama aliyefika kama mgeni na kuwaonya wenyeji kuhusu ukaribu huo.

Berlin ilikuwa kitu kingine. Chuo, ambacho leo kinaitwa Humboldt, kilikuwa kwenye barabara ya Unter den Linden, na mwaka ule mkuu wake alikuwa tabibu mashuhuri Rudolf Virchow. Du Bois alikubaliwa katika semina za wachumi Gustav Schmoller na Adolph Wagner, nafasi ambazo hazikutolewa ovyo. Chini ya Schmoller aliandika tasnifu juu ya kilimo kikubwa na kidogo katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Alimsikiliza pia Heinrich von Treitschke, mwanahistoria aliyejaza ukumbi kwa hotuba zake za kitaifa. Siku moja Treitschke alitamka mbele ya darasa kwamba machotara ni watu duni na wenyewe wanajijua hivyo. Du Bois alikuwa ameketi palepale. Alihisi kama maneno yale yamemlenga yeye, ingawa mwalimu huenda hakumwona kabisa.

Nje ya ukumbi alijifunza kuishi. Alichonga masharubu na ndevu zake kwa mtindo wa Kaizari. Alianza kuvaa glovu na kutembea na fimbo, na mazoea hayo hakuyaacha maisha yake yote. Alikwenda kwenye opera, kwenye matamasha na majumba ya sanaa, na alihudhuria mikutano ya wasoshalisti. Zaidi ya yote, alikaa hotelini na kwenye tamasha bila mtu kumwuliza anafanya nini pale. Anayeona hili ni jambo dogo akumbuke kwamba miaka hiyohiyo huko kusini mwa Marekani watu weusi walikuwa wakiuawa na makundi ya watu hadharani, na sheria za kutenganisha mabehewa ya treni zilikuwa zikipitishwa jimbo baada ya jimbo.

Tarehe 23 Februari 1893 alitimiza miaka 25. Usiku ule, peke yake chumbani, alifanya ibada yake mwenyewe kwa mishumaa, mvinyo na mafuta, akaikabidhi maktaba yake ndogo kwa kumbukumbu ya mama yake, aliyefariki miaka 8 kabla. Kisha aliandika daftarini alichokusudia kufanya na maisha yake: kutafuta ukweli kwa njia ya sayansi, kuandika, na kuwainua watu wake. Ukurasa ule una majivuno ya kijana, ni kweli, lakini karibu kila alichoahidi alikitimiza.

Sasa tuje kwenye likizo, maana hapo ndipo ninapoona elimu yake halisi. Chuo cha Kijerumani kilikuwa na mapumziko marefu, na Du Bois hakukaa Berlin kusubiri. Krismasi ya 1892 alisafiri kwenda Weimar, Frankfurt, Heidelberg na Mannheim. Kuanzia siku ya Krismasi hadi Mwaka Mpya alikaa katika kijiji kidogo cha wakulima katika eneo la Rheinpfalz. Huko, kama alivyoripoti kwa Mfuko wa Slater, yeye na wenzake walizitembelea familia zipatazo 20, wakala na kunywa nao, wakasikiliza umbea wao na kuhudhuria mikutano yao. Nia yake ilikuwa kulinganisha maisha ya mkulima wa Kijerumani na ya mkulima mweusi wa kusini mwa Marekani, ambaye alikuwa amemfahamu alipofundisha shule za vijijini huko Tennessee. Kutoka hapo walikwenda Strassburg, Stuttgart, Ulm, Munich, Nuremberg, Prague na Dresden.

Nimelisoma jambo hili nikiwaza kitabu alichokuja kukitoa mwaka 1899, The Philadelphia Negro. Aliingia nyumba kwa nyumba katika mtaa wa watu weusi wa Philadelphia, akihoji maelfu ya watu. Hiyo ni mojawapo ya kazi za mwanzo kabisa za sosholojia nchini Marekani. Walimu wa Berlin walimpa imani katika takwimu na historia, sikatai. Lakini ujasiri wa kubisha hodi, kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba na kumwacha aseme, nauona umeanzia kwenye meza za wakulima wa Rheinpfalz.

Likizo nyingine ilimfungua macho kwa namna tofauti. Mwanafunzi mwenzake, Mpolandi aitwaye Stanisław Estreicher, alimwambia kwamba tatizo la mbari halipo Marekani peke yake, na akamkaribisha Kraków ajionee. Poland haikuwepo kwenye ramani wakati ule, ilikuwa imegawanywa kati ya Ujerumani, Austria na Urusi. Du Bois alikwenda, akaona jinsi Wapolandi walivyodharauliwa katika nchi yao wenyewe. Safarini, katika mji mmoja mdogo, dereva wa gari la farasi alimtazama kisha akamwuliza kama angependa kufikia kwa Wayahudi. Du Bois alikubali, akalala kwenye hoteli ndogo ya Kiyahudi. Kumbe ngozi yake ilikuwa imemweka, machoni mwa dereva yule, kwenye fungu la watu wanaotengwa. Aliyakumbuka hayo mwaka 1949 aliposimama kwenye magofu ya mtaa wa Wayahudi wa Warsaw, na aliandika kwamba Poland ilimfundisha kuliona tatizo la mbari kwa upana zaidi kuliko rangi. Estreicher mwenyewe alikufa Desemba 1939 katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen.

Mfuko ulikataa kumwongezea mwaka wa tatu, na kwa kanuni za chuo hakuwa ametimiza mihula ya kutosha kutunukiwa shahada ya uzamivu ya Berlin. Alirudi Marekani katikati ya 1894, akisafiri daraja la chini kabisa la meli pamoja na wahamiaji maskini. Mwaka uliofuata Harvard ilimpa uzamivu, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuupata hapo.

Hadithi hii ina upande ambao sisi wasomaji wa Kiswahili hatuwezi kuupita. Tangu 1887 chuo kilekile cha Berlin kilikuwa na Taasisi ya Lugha za Mashariki, ambapo maofisa waliojiandaa kuja kututawala walifundishwa Kiswahili. Du Bois alipokuwa akienda kwenye semina za Schmoller, Mzanzibari Amur bin Nasur alikuwa akifundisha lugha yetu katika taasisi hiyo. Huku kwetu, jeshi la Wajerumani lilikuwa limeshindwa na Wahehe pale Lugalo Agosti 1891, na Oktoba 1894, miezi michache baada ya Du Bois kuondoka, mizinga yao ilibomoa ngome ya Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, huko Kalenga. Nchi iliyomkaribisha mezani kijana mweusi kutoka Marekani ndiyo iliyokuwa ikiwapiga watu weusi wa Uhehe.

Halafu alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903. Du Bois alikuwa mwanafunzi, Mtoro alikuwa mwalimu, lakini baadhi ya wanafunzi walikataa kufundishwa na mtu mweusi, na mwisho akaacha kazi. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Walipojaribu kuja kuishi Afrika Mashariki mwaka 1905, serikali ya koloni iliwakatalia na wakarudi Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, hajaiona tena Bagamoyo.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Furaha ya Du Bois ilikuwa ya kweli na sina haki ya kumnyang'anya. Lakini alipokelewa vile kwa sababu alikuwa Mmarekani, mgeni wa kupita, mtu asiyedaiwa kodi wala utii na Kaizari. Mtoro alikuwa mtawaliwa. Mji ni mmoja, chuo ni kimoja, na rangi ya wanaume wale haikutofautisha chochote. Kilichowatofautisha ni nani alikuwa na dola nyuma yake.

Du Bois aliliona hilo baadaye, nadhani. Mwaka 1919 alikuwa Paris akiitisha Kongamano la Umajumui wa Afrika, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba makoloni ya zamani ya Ujerumani, Tanganyika ikiwemo, yawekwe chini ya usimamizi wa kimataifa na sauti ya Waafrika isikilizwe, badala ya kugawiwa washindi wa vita. Hakusikilizwa. Mwaka 1958, akiwa na miaka 90, chuo chake cha Berlin kilimtunuku shahada ya heshima ya uzamivu.

Kwa vijana wetu wanaokwenda kusoma Berlin leo, na kwa walimu wa historia walioko hapa nyumbani, nina ombi moja: msimsome Du Bois peke yake. Wekeni kando ya kumbukumbu zake maandishi ya Amur bin Nasur na Desturi za Wasuaheli ya Mtoro, na wachapishaji wetu wavitoe vitabu hivyo kwa bei ambayo mwanafunzi wa sekondari ataimudu.