Mwezi wa Kufunga Mfuko

Twawashauri mjaribu mwezi mmoja wa kufunga mfuko. Kwanza mume na mke na wapatane: unga, chumvi, sabuni, dawa na nauli vitanunuliwa, vinginevyo vingoje. Lakini mume asimnyime mkewe kanga, naye mwenyewe anunua soda kila jioni. Huo si uwekevu, ni uonevu.

Kila shilingi iandikwe daftarini. Jambo hilo si jipya: huko Japani Bibi Hani Motoko alitoa daftari la hesabu ya nyumbani mwaka 1904. Sisi twalihitaji zaidi, maana tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, fedha hututoka pasipo kupita mkononi. Makato nayo yaandikwe.

Zitakazosalia zitiwe kibubuni. Januari yaja na sare za watoto.