Divai ikigeuka siki

Kila padri anayezunguka katika shapeli za mbali analijua jambo hili. Chupa ya divai ya Misa ilifunguliwa, ikatumika nusu, ikarudishwa sandukuni. Majuma mawili yamepita. Leo anaifungua tena, na harufu kali yampanda puani. Je, hiyo ni divai bado? Swali si dogo, maana bila divai hakuna Misa. Elimu ya kemia yatusaidia kulijibu.

Tia chumvi katika maji: haionekani tena, lakini imo. Chemsha maji mpaka yaishe, nayo itabaki chini ya sufuria, chumvi ileile. Hapo vitu vilichanganyika tu. Lakini choma ukuni: katika majivu na moshi huwezi kuupata ukuni tena. Kitu kimekwisha, na vingine vimezaliwa. Badiliko la namna hiyo ndilo la kemia.

Wazee wetu waliliona katika malafu. Asubuhi, yakitoka mtini, ni matamu, jioni yanalevya, siku chache zikipita yamechacha, hata mnywaji hodari anakunja uso. Kwanza chachu, yaani vidudu visivyoonekana kwa macho, hula sukari na kutoa alkoli pamoja na hewa ile inayofanya povu. Divai ya mizabibu nayo ilizaliwa hivyo. Kisha huja vidudu vingine, bakteria za siki, vinavyounganisha alkoli na oksijeni ya hewa.

Tazameni hesabu yake. Gramu 46 za alkoli na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 60 za asidi asetiki, ndiyo ukali wa siki, na gramu 18 za maji. Kila upande ni 78. Hakuna kilichopotea wala kuongezeka, na Lavoisier, Mfaransa, aliieleza sheria hii waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1789. Chembe za kaboni, hidrojeni na oksijeni ni zilezile. Zimeachana, zikashikana upya kwa mpango mwingine, na kwa mpango huo mwingine kitu nacho ni kingine. Alkoli hulevya, asidi hiyo hailevyi mtu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakujua bakteria, lakini alihukumu sawa. Katika Summa Theologiae, sehemu ya tatu, swali la 74, afundisha kwamba siki haifai kwa sakramenti, kwa kuwa si divai tena. Divai iliyoanza tu kuchacha yaweza kukonsekriwa, lakini padri anayeitumia atenda dhambi. Kanuni ya 924 ya Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 yasema vilevile: divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika.

Labda mseminari atauliza: basi konsekrasio nayo ni badiliko la kemia? Hata kidogo. Divai ikigeuka siki, harufu, ladha na uzito wa kila sehemu hubadilika, na vyombo vyaweza kuvipima. Katika konsekrasio, yote yanayopimwa yabaki kama yalivyokuwa, alkoli, maji na rangi. Kinachogeuka ni substansia yenyewe, ambayo hakuna mizani ya kuipima. Neno substansia lina maana moja kwa mwanakemia na nyingine kwa mwanateolojia, na wengi wanajikwaa hapo. Tena, kwa kuwa maumbo ya divai yanabaki na nguvu zake, yakiachwa yatachacha; na yakiisha kuwa siki kabisa, Kristu hayumo tena chini yake. Tomaso asema hivyo pia.

Turudi sandukuni. Louis Pasteur, aliyetoa kitabu juu ya siki mwaka 1868, alionyesha kwamba utando mwembamba juu ya divai inayochacha ni viumbe hai, navyo vyataka hewa. Kwa hiyo divai iliyobaki imiminwe katika chupa ndogo safi mpaka ijae, izibwe vizuri, iwekwe penye baridi. Vidudu hivyo hupenda joto la digrii 25 hadi 30, ndilo la nyumba zetu nyingi. Mwaka 1896 Roma iliruhusu kuongeza alkoli ya zabibu katika divai ya Misa isiyo na nguvu, mradi yote isipite 18 kwa mia. Bakteria za siki hupata taabu kuishi ikipita 15.

Mkatekista anaweza kunusa tu. Padri akitaka kuonja, aonje walau saa nzima kabla ya Komunyo, kwa ajili ya mfungo. Na kama agundua altareni, baada ya konsekrasio, kwamba kalisini mlikuwa na siki tupu? Misale ya mwaka 1570 iliagiza aiweke kando, atie divai na maji kidogo, akonsekri kalisi tu.